Nusu mche wa sabuni

Zama zile za Ujamaa, kijijini kwetu karibu na Chala, sabuni ilipofika dukani tulipanga foleni, na kila nyumba ilipata nusu mche. Mbele yangu alisimama mtoto wa kike wa darasa la kwanza. Muuzaji alikuwa amebakiwa na mche aliokwisha kuukata vipande vinne, akamwekea viwili.

Mtoto akaficha mikono nyuma. "Mama kasema nusu. Hizi ni robo."

"Robo mbili ndiyo nusu, weye! Pisha watu."

"Nusu ni moja." Machozi yakamlenga. "Mama atasema imepungua, nimegawa njiani."

Mama mmoja aliyetoka shamba la kijiji, matope bado mikononi, akaazima nusu nzima ya jirani yake, akailaza mezani. Kando yake akaviunganisha vile vipande viwili. "Pitisha kidole, mwanangu."

Kidole kikapita taratibu mpaka mwisho. Hakuna kilichozidi.

"Na vikikatwa tena, viwe vinne?" yule mama akamuuliza.

"Bado nusu."

"Dada, usimfundishe zaidi, atanikatisha duka zima!" muuzaji akalalamika. Mtoto akaondoka mbio, kipande kila mkono, akicheka.

Alasiri hiyo, kwenye darasa letu la watu wazima, wengi tukiwa wa foleni ile, mwalimu aliandika ubaoni mbili juu ya nne, akauliza ni kiasi gani. Mimi, niliyekuwa sijawahi kufungua mdomo humo, nikasema, "Nusu mche."

"Mche wa nini, mama?"

Darasa zima likanijibia: "Wa sabuni!"