Picha ya Kilio cha Mama

Kwenye dawa za filamu mimi si mtu wa kubahatisha. Nina rafiki ng'ambo, Bujumbura, anayesafisha filamu zake kwa kahawa na magadi. Leo picha inatoka, kesho unatoka ukungu mtupu. Shauri yake. Mimi hutumia unga wa paketi, uleule kila mara. Nauyeyusha kwenye maji yaliyochemshwa na kuchujwa, nauhifadhi katika chupa za bia zilizojaa hadi shingoni ili hewa isiuharibu. Na kwa kuwa hapa Uvira, kando ya ziwa, kuna joto, asubuhi nanunua barafu kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, Rugenge, anayeuza maji baridi, natumbukiza chupa kwenye beseni, nakodolea macho kipimajoto mpaka kishuke ninapotaka.

Siku ninayoisimulia, kubahatisha kulikuwa hakufikiriki kabisa, kwa sababu ndani ya kamera alikuwamo mama yangu.

Tulikuwa tumemzika mama mdogo. Picha iliyobebwa mbele ya jeneza ilikuwa ya rangi, imekaa ukutani miaka mingi, na uso wake ulishageuka kijani. Jambo hilo lilimkera mama kuliko hotuba zote za makaburini. "Minye, mimi mama yako, sitaki kuzikwa na sura ya kijani," aliniambia. "Unipige ile yako nyeusi na nyeupe." Akatoa na sharti: picha ya kilio, hiyo ya kubebwa mbele ya jeneza, mtu huikalia mara moja tu, kuikalia mara ya pili ni kujiitia kifo. Akavaa kitenge chake cha misa, akakaa wima, akaninunia. Nikabonyeza mara moja. Kisha akazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba picha yake ya kilio imepigwa na sasa yuko tayari.

Mtu mwenye subira angengoja usiku. Mimi subira sina. Kesho yake, mama alipoenda sokoni Nyamianda kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sikuweza kujizuia tena. Nikafunga madirisha na kuyaziba kwa mablanketi. Nikatoa viti na mikeka yote uani ili nipunguze vumbi, nikajifungia ndani, nikasukuma nguo chini ya mlango. Kushika filamu gizani, kuisikia ikiingia kwenye gurudumu lake la plastiki, lile linalokaa ndani ya kopo la dawa, bila kukwama, sijui raha inayozidi hiyo.

Mara nikasikia mtu anasogeza kiti uani.

Kwetu, nyumba ikifungwa mchana na viti vikatolewa nje, hapahitajiki tangazo: kuna msiba. Jirani yetu anayeuza mihogo upande wa pili wa njia alikuwa ameona hayo, akakumbuka picha ambayo mama aliitangaza, akamalizia mwenyewe. Alipobisha nilijibu kwa sauti iliyobanwa, maana filamu ilikuwa imeanza kugoma, kwamba asifungue, aniache kwanza. Ukifikiri, mfiwa hujibu vivyo hivyo. Akaangua kilio, na wengine wakaja mbio.

Nikapaza sauti kwamba mama hajafa, ameenda sokoni. Mwanamke mmoja akasema kwa huruma, "Maskini. Kichwa yake bado haikubali."

Kilichobaki ni kufungua mlango wanione. Lakini mlango ukifunguka, mwanga unaingia, na mama ninampoteza kwenye filamu, naye hatakaa tena mbele ya kamera. Basi nikaamua: wacha wamlilie, akirudi watafuta machozi. Nikacheka peke yangu gizani. Nikairudisha filamu nyuma kidogo, nikaanza upya.

Huku nje yule jirani, mama wa mihogo, alikuwa analia kwa maneno. Alisema kwamba ziwa lilipopanda na maji kuingia kwake, mama yangu alimpa chumba, yeye na watoto wake, wakala kwenye sahani zetu. "Na minye sikumwambia aksanti," alisema. "Nilikuwa naona haya. Sasa nitamwambia nani?"

Sikucheka tena. Filamu ikaisha kuingia, nikafunika kopo lake lisilopitisha mwanga, nikafungua mlango.

Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Nyuma yao, beseni la ndagala kichwani, alisimama mama mwenyewe, akisikiliza. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Walipogeuka, mmoja alikimbia mpaka barabarani na kiatu kimoja.

Kelele za pale sizisimulii, kwa sababu mimi nilikuwa na kazi: barafu ilikuwa inayeyuka. Nikamimina dawa palepale uani, nikawa napindua kopo na kulirudisha, napindua na kulirudisha, macho kwenye saa, huku watu wakicheka mpaka wanashikana. Baadaye dawa ya kukaza picha, halafu maji. Nikaichomoa filamu ikidondosha maji, nikaiinua juani. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Alikuwamo! Amenuna vizuri kabisa, mpaka nyuzi za kitenge zinahesabika.

Nikamwonyesha. Mama aliitazama muda mrefu, akaniambia kilio chake kimekwisha leo, na sharti lake nalo limekwisha, nikishaitoa kwenye karatasi niitundike ndani ya nyumba. Kisha akamfuata mama wa mihogo, aliyekuwa amejificha nyuma ya wenzake kwa aibu, akamshika mkono, akamleta mbele yangu.

"Kesho utapiga ingine," akasema. "Minye na huyu."

Mama wa mihogo akaanza kulia upya.