Komenti yangu haikuonekana, lakini rafiki yangu aliijua

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hili jambo limenifikisha pabaya.

Mimi ni mama wa miaka 34, mjane wa watoto wawili, nina saluni hapa Nyasubi, Kahama. Mume wangu alikuwa mchimbaji. Mwaka jana duara, yaani shimo la dhahabu, lilititia upande wa Buseresere, akafukiwa na kifusi. Tulimzika kwao Samuye. Baada ya msiba nilirudi kazini, nikaipanua saluni kidogo ili watoto wale. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kuna kundi la Facebook la watu wa mji wetu. Mtu aliweka picha ya saluni yangu, akaandika kuwa kuna wanawake wanawatoa waume zao ndagu ili biashara ishamiri. Yaani nilimtoa mume wangu kafara. Watu wakamiminika, mchawi huyo, muuaji huyo. Huku kwetu mnajua neno hilo linaweza kumfikisha mtu wapi. Zile komenti zipo mpaka leo. Mimi nikiandika tu "mnanionea, mume wangu alikufa kazini", inafutwa. Nilipomuuliza admin wa kundi, ambaye hatumii jina lake, alijibu, "Hapa haturuhusu ugomvi." Kuitwa mchawi si ugomvi, kujitetea ndiyo ugomvi. Baadaye wakaniwekea kizuizi, kila ninachoandika kinasubiri wao wakikubali, na hawakubali.

Siku moja niliandika kwa uchungu kwamba asubuhi ya siku aliyokufa mume wangu alinipigia akaniomba nimpikie michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akitoka shimoni aje ale. Sikuwahi kumwambia mtu. Komenti haikutoka. Kesho yake Mama Neema, rafiki yangu tunayesuka naye fremu moja, akaniambia, "Pole dada, kumbe marehemu alikufa na hamu ya michembe yake."

Nikajiambia labda nililisema msibani nikasahau. Ila moyo haukutulia. Nikaanza kuona mambo ambayo sikuyaona, kwamba wateja walioniogopa hawakuhama saluni, walihamia kiti chake. Kwamba nikiingia anageuza simu, kioo kinalala chini.

Nikamtega. Niliandika kule kundini kuwa nimechoka, nafunga saluni nahamia Geita. Uongo mtupu. Nayo haikutoka. Kabla ya mchana Mama Neema akauliza huku anasuka, "Hivi ukiondoka, hii fremu utamwachia nani?"

Nikamuuliza, "Niondoke niende wapi?"

"Si nasikia tu watu wanasema."

"Watu gani, Mama Neema?"

"Aa, watu wa mjini hawa, nitawakumbuka wote?"

Nikamuuliza kama yeye ni admin kule. Akacheka mpaka mteja akageuka. "Admin mimi? Simu yenyewe hii inanishinda."

Sasa wakwe zangu wamezisoma zile komenti. Wanakuja kutoka Samuye wiki ijayo tukae kikao, na shemeji ameshatamka kuwa watoto hawawezi kulelewa na mtu wa ndagu. Nilipotafuta wa kusimama upande wangu, majirani wote walipata udhuru. Aliyekubali ni mmoja tu, Mama Neema. Ndiye aliyekuwa nami simu ya kifo ilipoingia, ndiye aliyeniona nilivyoanguka. Jana amenishika mkono akasema, "Usiogope, mama, nitasema yote ninayoyajua." Zamani ningelia kwa furaha. Jana nilijiuliza yote yapi.

Sina hakika kuwa ndiye. Huenda kuna admin anayempa habari, naye hajui zinatoka wapi. Nikimkabili nikakosea, nimempoteza shahidi pekee. Nikinyamaza na ndiye kweli, nitakuwa nimempeleka mwenyewe mbele ya wakwe akawape watoto wangu.

Ndugu zangu, nimwache aje kikaoni au nimzuie? Naomba mnijibu kwa upole, na komenti zenu msizifute, hata zitakazonisema vibaya. Nataka safari hii nizisome zote.