Chumvi Kwenye Pembe ya Nyumba

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wetu unaobeba vumbi la mashambani na kulileta mpaka ndani ya sufuria. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Manyoni, yakasimama kidogo, yakaondoka. Mvua hakuna.

Leo nimeogopa kuliko siku niliyofiwa na mume wangu. Siku ile huzuni ilinijaa, hofu ikakosa pa kukaa. Leo nafasi ilikuwepo.

Nianze na shimo, maana yote yametoka humo.

Binti yangu amemaliza mafunzo ya umeme wa majumbani kwenye kituo cha shirika kule Ikungi. Shirika hilo lina miaka kadhaa huku kwetu, linafundisha vijana uashi, useremala, kuchomelea vyuma, ushonaji na umeme. Mimi nilitaka ashone. Nilimwambia cherehani haijawahi kumrusha mtu ukutani. Akacheka, akaenda kujiandikisha umeme.

Shirika nisiliseme vibaya wala nisilipambe. Kijana wa jirani aliyesomea uashi yuko Dodoma anajenga, na mama yake ameezeka bati. Mwingine aliuza sanduku la vifaa walilompa siku ya kumaliza, sasa anaendesha bodaboda, na ukimuuliza anakwambia yeye ni fundi wa barabara. Wasichana ndio wanaopata shida ya kazi. Nani ampe msichana nyumba yake aitie moto? Hayo ni maneno ya watu, na nikisema mimi sijawahi kuyawaza nitakuwa mwongo.

Basi mwalimu wake akamwambia, anza na nyumba ya mama yako. Watu wakiona taa inawaka na mama yako yu hai, watakuita wenyewe.

Yu hai. Neno hilo lilinikaa kifuani wiki nzima aliyokuwa akitandaza nyaya. Swichi nilikuwa naibonyeza kwa mwiko mkavu, nimevaa kandambili.

"Mama," aliniambia, "hiyo swichi sasa hivi ni sawa na kifungo cha shati. Umeme bado uko kule kwenye nguzo. Hawajatuunga."

"Najua," nikamjibu, na mwiko sikuuweka chini.

Kazi ya mwisho ilikuwa fimbo ya shaba. Inazamishwa ardhini nje ya nyumba, ili umeme ukipotea njia uingie ardhini usimwingie mtu. Wakaguzi wa umeme wakija wanaipima, na ardhi isiposhika hawakuungi. Ardhi yetu mwezi huu ni kavu kama majivu. Kwa hiyo alifanya alivyofundishwa: akachimba shimo kwenye pembe ya nyumba, akaisimika fimbo, akazungushia mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, akamwagia maji, akafukia. Wakaguzi walisema watakuja Jumatatu.

Alilifanya mchana kweupe, wanawake wakipita kwenda kisimani. Mtu aliyekulia mjini hataona neno hapo. Huku kwetu kitu kikifukiwa kwenye pembe ya nyumba, kina jina. Na hapa palikuwa na mkaa na chumvi, tena kwenye nyumba ya marehemu.

"Mwanao anapanda nini pale?" mmoja aliniuliza kisimani.

"Anapanda umeme."

"Mwambie amwagilie, usije ukaota mfupi!"

Wakacheka, nami nikacheka. Ila niliona mmoja wao hakucheka, akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Kilichotuponza ni ile chumvi. Mbuzi wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, zizi lao liko ng'ambo ya ua wetu tu. Waliinusa. Tukiwafukuza wanarudi, wanaparua kwa kwato, wanalamba mpaka udongo. Leo asubuhi nimetoka kufagia nikamkuta beberu mwekundu, yule shemeji anayempenda kuliko wote, amelala kando ya shimo, tumbo limevimba, povu mdomoni, macho yamegeuka.

Nilisimama na ufagio mkononi. Sikuita mtu. Nilitamani asiwe pale.

Shemeji akaja, na nyuma yake watu. Mtu huyu si mbaya, na nataka ieleweke hivyo. Nilipofiwa alilima shamba langu kwa ng'ombe wake kabla ya kulima lake. Lakini leo uso wake sikuujua.

"Shikamoo, baba mkubwa," binti yangu akamwamkia.

Hakuitikia. Sisi huku shikamoo haiachwi chini, hata watu wakiwa wamegombana. Kila aliyekuwepo aliona.

"Kuna kitu kimefukiwa pale," shemeji akasema, akiniangalia mimi. "Mbuzi wangu amekikanyaga."

"Ni fimbo ya umeme, shemeji."

"Umeme uko wapi? Mmeshaungwa?"

"Bado."

"Basi kimemuua nini?"

Bibi mmoja ng'ambo ya mbuga aliondoka kijijini kwake na mkeka kichwani kwa neno kama hilo, na aliyelisema wa kwanza alilisema kwa sauti ya chini kama ya shemeji. Mwanangu akibandikwa jina hilo, nani atamwita afunge taa? Nani atamwita kwa lolote? Ufundi wake wote ungeishia kwenye pembe ile. Nilimtazama nikaona bado ana alama ya koleo kiganjani.

Jirani yetu, mzee Mwislamu ambaye ndiye hutuchinjia sote mtaa huu ili kila mtu aweze kula, alikuwa ameshafika na kisu.

"Mnabishana na mnyama anakata roho," alisema. "Akifa mwenyewe ni mzoga, wa mbwa. Nichinje nisichinje?"

"Chinja," shemeji akasema. "Lakini nyama hiyo ataila mwenye roho ngumu."

Wakati anachinjwa, binti alimpigia mwalimu wake, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Mwalimu, mbuzi wa baba mkubwa wamelamba chumvi ya fimbo, na mmoja ameanguka."

"Nani?"

"Mbuzi."

"Kwani hukufunika kwa zege?"

"Hukutuambia tufunike."

"Ni kweli. Hapa kituoni tuna ukuta, mbuzi sikuwawaza. Hilo kosa ni la kwangu, si lako. Nipe huyo baba yako mkubwa." Akaamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," shemeji akasema.

Jambo hilo liliniuma. Ameiitikia simu, mtoto aliyesimama mbele yake hakumwitikia. Mwalimu alimweleza vizuri, mkaa kazi yake nini, chumvi kazi yake nini. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu.

"Ameongea," alisema.

Hapo binti akachukua jembe. Nilidhani anaenda zake. Akaanza kulifukua lile shimo, kazi yake yote ya kabla ya Jumatatu, akatandaza gunia la salfeti na kumwaga juu yake mkaa na chumvi, mbele ya watu. Mkono wake ulikwenda mpaka chini kabisa, ukatoka mtupu, akauonyesha pande zote. Kisha akachagua bonge la chumvi akalitia mdomoni.

Chumvi naijua. Nilikuwepo anainunua. Na bado niliangalia kifua chake kama kinapanda na kushuka. Hofu ikishaingia haiulizi unajua nini.

"Ni hii hii unayowawekea kwenye jiwe pale zizini, baba mkubwa," alisema, shavu limevimba. "Duka ni lile lile."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Mzee alikuwa amefika tumboni mwa beberu. Akatoa kipande cha mfuko wa plastiki kilichosokotana kama kamba, akakitupa chini. Watu wakaguna, na mimi moyo ukarudi mahali pake kidogo.

"Mifuko wanakula wote," shemeji akasema. "Na wote wanatembea."

Hapo alisema kweli. Binti alinitazama nimuunge mkono, niseme ni mfuko, yaishe. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Sijui kwa nini haukusema hivyo. Labda kwa sababu nimefuga pia.

"Shemeji," nikasema, "inawezekana ni chumvi. Mbuzi akilamba chumvi nyingi na maji hana, inamvuruga. Jana na juzi kisima kilikuwa na foleni, mbuzi wako hawakunywa. Kwa hiyo inawezekana ni chumvi yetu. Lakini ni chumvi tu."

Binti aliniangalia kama nimemsukuma barabarani. Nikawaza, mama gani huyu, mwanawe anatafutwa kosa na yeye analileta kwa mkono wake.

Shemeji alichuchumaa, akalitazama tumbo la mbuzi, akalibonyeza kwa kidole.

"Hawakunywa, ni kweli," alisema. "Yule mchungaji nilimwambia." Akasimama, akajipangusa mikono. Hakusema tena kuna kitu kimefukiwa. Hakusema hakuna. Akaenda kwake, na watu wakatawanyika wakiwa bado na njaa ya maneno.

Nyama ikabaki kwetu, kwa kuwa pale ndipo mbuzi alipochinjwa na hakuna aliyeibeba. Mzee alichukua shingo, ujira wake wa kuchinja, nikashukuru kimoyomoyo kuona hata mtu mmoja ameichukua. Mama mkwe wangu, ambaye mchana kutwa alikuwa amekaa mlangoni hajatia neno, alisema kwa Kinyaturu tumchomee ini.

"Bibi, subiri kwanza," binti akamwambia.

"Nisubiri nini? Nikifa leo nani atasema nimekufa mapema?" Akalitafuna taratibu kwa meno machache aliyonayo, akaomba kipande kingine.

Nilipika huku nikisikiliza mlango. Shemeji asipokuja kula, neno lake limebaki pale pale, na kesho litakuwa kisimani. Nilipitisha ujumbe kwa mtoto wake kwamba chakula kiko tayari. Mtoto hakurudi na jibu.

Alikuja jua likizama. Aliinama mlangoni, akaketi kwenye kigoda cha marehemu mdogo wake. Binti akamletea maji ya kunawa, akapiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa."

Alinawa mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Marahaba," alisema. "Kesho ukifukia tena, niite. Nina miiba ya zizi, tutazungushia mpaka upate hiyo zege."

Nimefurahi, ila sijatulia. Sijui Jumatatu kipimo kitasema nini kwenye ardhi iliyofukuliwa. Na yule mwanamke aliyeondoka na ndoo yake bila kucheka sijamwona leo.

Tumekula ugali wa mtama, utumbo na nyama ya kuchemsha, na mlenda wa kukausha. Shemeji alianza na mlenda. Alimega, akachovya, akamega tena, na nyama ipo mbele yake. Nilikuwa nautazama mkono wake tu. Mwishoni akachukua kipande cha utumbo, akatafuna, akasema haina chumvi. Ni kweli, sikutia. Binti akainuka, akamletea.