Kufuli la Nje

Kiwandani wote walimwita Mama Vifungo, ingawa hakuwahi kuzaa. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kutia vifungo kwenye sare za shule, ghorofa ya tatu, ng'ambo ya mto kutoka kwao. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na akikasirika alikasirika kwelikweli.

Nyumbani aliishi na baba yake, dereva mstaafu wa malori aliyepooza upande wa kulia. Kila asubuhi alimnywesha chai, akamsogezea redio, chupa ya maji na simu karibu na mkono mzima, kisha akafunga geti kwa kufuli, kwa nje, maana mwizi alishawahi kuwaingilia. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa mkobani mwake.

Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya tatu mfululizo. Saa tano asubuhi simu ikatetemeka juu ya meza ya cherehani.

"Mama," baba alisema. Alimwita hivyo tangu utotoni. "Usishtuke. Maji yameingia ndani."

"Yamefika wapi?"

"Ndala zako zinaelea hapa chini ya kitanda."

"Nakuja, baba. Usikate."

Simu ikakatika yenyewe. Alipopiga tena, hakupatikana.

Alishuka ngazi na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Darajani polisi walikuwa wamefunga kamba, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita juu ya barabara. Alimwonyesha polisi ufunguo, kana kwamba ni kibali. Polisi akatikisa kichwa tu.

Akampigia kaka yake, aliyeishi mji mwingine.

"Mpigie jirani," kaka alisema.

"Jirani gani?"

"Unamjua."

Alikuwa anamsema Cheche, mchomeleaji wa vyuma wa nyumba ya pili. Miaka miwili nyuma Cheche alijenga ukuta uliogeuza maji ya mvua yote kuelekea uani kwa Mama Vifungo. Walitupiana maneno mbele ya mtaa mzima, na tangu hapo hawakusalimiana. Namba yake alikuwa ameizuia kwenye simu.

Hakumpigia. Alimpigia kwanza mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba miezi michache nyuma akiandika namba za simu na majina ya wagonjwa wasioweza kutembea. Siku ile Mama Vifungo alimjibu kwamba wao hawana shida na mtu.

"Kwenu sikuandika kitu, mwanangu," mwenyekiti alisema, sauti ikimezwa na kelele za watu. "Wenye mtumbwi wa uokoaji wameshapita huko. Wameona kufuli kwa nje, wakajua hakuna mtu."

Alikaa chini palepale, kwenye tope, watu wakimruka. Vidole vilikuwa vimelowa na kioo cha simu kikawa hakisikii. Akakifuta kwa gauni, akakifuta tena, hadi akaifungua ile namba ya Cheche, akapiga.

Iliita mara nyingi.

"Nani?"

"Mimi. Jirani yako." Maneno yakatoka yote kwa mkupuo. "Baba yumo ndani. Nimemfungia, kaka. Nimemfungia kwa kufuli na ufunguo ninao mimi huku. Nakuomba. Nitukane kesho, nitukane mwaka mzima, ila mtoe."

Alisikia mvua upande wa pili, ikipiga bati.

"Chumba gani?"

"Cha nyuma. Dirisha linaloangalia ukuta wako."

"Umeme hakuna," Cheche alisema. "Itabidi msumeno wa mkono." Halafu mtandao ukafa, na haukurudi.

Kwa karibu saa tano alisimama kwenye ile kamba. Aliazima simu za watu asiowajua, na zote zilikuwa kimya vilevile. Alihesabu kwa viganja kimo cha kitanda cha baba kutoka sakafuni, kisha akajaribu kukumbuka kama mzee alikuwa amelala kiubavu au chali alipomwacha, na hakukumbuka. Hilo lilimtesa kuliko mengine yote.

Saa kumi jioni waliwaruhusu watembea kwa miguu. Alifika kwao maji yakiwa kiunoni. Kufuli lilikuwa bado getini; akalifungua, akazunguka nyuma. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, nondo nne zimekatwa, na kitanda kimebanwa mlangoni, kitupu. Alipiga kelele akimwita baba, hadi mama mmoja juu ya paa akamwelekeza shuleni.

Baba alikuwa kwenye darasa la ghorofani, amelazwa juu ya madawati yaliyounganishwa, akitetemeka ndani ya koti la mchomeleaji. Cheche alikaa pembeni, mkono umefungwa kitambaa chenye damu.

"Yalikuwa yamemfika kidevuni," alisema. "Zile nondo nilizichomelea mimi mwenyewe, kabla hatujagombana. Leo nimejilaani."

Mama Vifungo alipiga magoti, akashika miguu ya baba iliyokuwa baridi kama chuma, akaanza kuisugua.

"Redio imekwenda," baba alinong'ona.

"Iache iende, baba."

Yale maji yalikuwa yamemwingia mzee kifuani. Hospitali walisema ni nimonia, na kwa mtu wa umri wake, aliyepooza, hawakuficha kitu. Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, aliacha kupumua huku binti yake akimlowanisha midomo kwa pamba.

Mama Vifungo alitoka hadi kwenye veranda, akampigia kaka yake. Hakupatikana. Akampigia Cheche.

Cheche alipopokea alimsikia akivuta pumzi tu.

"Wodi gani?" Cheche aliuliza.

Akamtajia. Cheche alikuja na mkono wenye bandeji, akakaa naye kwenye benchi mpaka kaka alipopiga simu.