Binti Yangu Anabebwa Kweli

"Wenye ulemavu chuoni wanabebwa tu."

Maneno hayo aliyasema mhadhiri mmoja niliyesoma naye sekondari, tukiwa kwenye kikao cha harusi Bunda. Alimaanisha kwamba wanapendelewa, wanahurumiwa maksi. Watu wakacheka. Admin, nifichie jina, lakini hoja ya huyo mhadhiri usiifiche, maana nataka kuivunja hadharani.

Mimi ni mwanaume wa miaka 51, mwalimu, naishi Makoko, Musoma. Nasoma sana na kubishana zaidi. Mke wangu anasema nitabishana hata na wachimba kaburi langu. Binti yetu ana miaka 22, yuko mwaka wa pili chuoni, nje ya mkoa. Hajawahi kutembea, anatumia kiti cha magurudumu.

Nikamjibu yule bwana: "Kweli, wangu anabebwa. Anabebwa mgongoni na mwanafunzi mwenzake mpaka ghorofa ya tatu, kiti kinafuata nyuma. Huo ndio upendeleo?"

"Mwalimu, umeanza! Si afadhali anabebwa? Sisi nani alikuwaga anatubeba?"

"Wewe ulikuwaga unabebwa na majibu yangu ya hesabu."

Kikao kizima kikaangua kicheko. Nilishinda ubishi, nikarudi nyumbani nimeshindwa, kwa sababu kuna jambo sikulisema.

Mwaka jana binti alinipigia simu. "Baba, nimeacha chai ya asubuhi. Na ugali nakula nusu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Anayenibeba akifika ghorofa ya pili anahema. Jana kaniuliza, 'Dada, leo umekula samaki kamongo mzima?' Tukacheka wote."

Mwanangu anajinyima chakula ili asiwe mzigo kwenye ngazi! Na mimi, ninayegombana na kila mwenye cheo, nikamwambia, "Vumilia, mama. Anayebebwa hujikaza." Niliogopa angeonekana mkorofi kama baba yake, wakamfelisha. Huo ndio uoga wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza nauandika.

Tulipokuwa tunaishi Kibara, mama yake alimbeba mgongoni kwenda shule mpaka darasa la tatu. Hatukuona aibu, mtoto mahali pake ni mgongoni. Lakini mwanamke wa miaka 22, amevaa gauni, mbele ya darasa zima?

Sasa yuko nyumbani kwa likizo fupi. Akirudi, anakuta mitihani, na mitihani iko ghorofa ileile ya tatu. Chini kuna ukumbi mzuri, umefungwa, umejazwa viti vya mahafali. Aliandika barua kuuomba. Akajibiwa: "Ratiba imeshatoka." Hapa kwetu, fundi kutoka Mukendo alivunja vizingiti vyote na kumwaga mteremko wa saruji asubuhi moja, chai ya saa nne ilimkuta ananawa mikono. Chuo kizima chenye wasomi kinashindwa kuhamisha viti?

Juzi tukiwa mezani alitangaza, tena bila kupandisha sauti: "Baba, siku ya mtihani nitakaa chini ya ngazi na kalamu yangu. Karatasi ikishuka, nitaandika. Isiposhuka, sipandi. Sibebwi tena."

Akikosa mitihani hiyo, anarudia mwaka mzima. Mama yake analia, ananiambia, "Baba Fulani, mzuie! Wewe ndiye umemwambukiza huo ubishi." Nitamwambiaje ajikaze tena, wakati kujikaza ndiko kulikomfikisha kwenye nusu ya ugali?

Wazazi wenzangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimsihi abebwe mara hii moja asipoteze mwaka, au nisafiri nikakae naye pale chini ya ngazi?

Na ninyi mnaopanga ratiba za mitihani vyuoni, najua mmo humu, mnasoma kimyakimya. Kwenu siombi ushauri. Fungueni ule ukumbi, toeni viti. Na kama kubeba mnakupenda hivyo, bebeni karatasi. Ni nyepesi kuliko binti yangu. Ishusheni.