Ufunguo Jikoni kwa Nyakio

Jepkemboi ndiye aliyeshika mgao wa maji katika mtaa ulio nyuma ya bucha za Kikopey. Leo alifungulia upande wa juu, kesho wa chini. Ufunguo wa valvu aliopewa na kampuni ulikuwa chuma kirefu kizito, na kwake kulikuwa mbali, mlimani. Kwa hivyo kila jioni aliuacha jikoni kwa Nyakio, mwenzake wa kwaya, mwenye bucha karibu na valvu. Waliomtangulia kazini nao waliuacha papo hapo.

Kisha mifereji ya upande wa chini ikaanza kukohoa hewa hata siku ya zamu yao.

"Boss wa maji, maji yetu umemuuzia nani?" Kui, muuza mboga, alimkabili na mtungi mtupu. "Ama mnanyweshea ng'ombe huko kwenu?"

Wanawake wakacheka. Nyakio peke yake ndiye aliyemkingia kifua. "Mama Jerop hawezi," alisema, akimshika Jepkemboi bega. "Mimi namjua." Maneno hayo yalimliwaza Jepkemboi, maana kampuni ilikuwa imeshamwonya: malalamiko yakiendelea, kazi hana.

Zamu ya chini iliporudi, alishuka mapema kuliko kawaida. Valvu ya upande wa juu, ambako bucha ya Nyakio nayo ilipata maji, aliifunga kwa mikono yake jana, lakini aliikuta wazi. Alifuata unyevu wa udongo hadi nyuma ya bucha. Tangi la Nyakio lilikuwa likifurika, wauza maji wamepanga mikokoteni, na Nyakio mwenyewe ameshika mpira, anawajazia.

Kui na wenzake walikuwa wamemfuata.

"Nyakio, haya maji umeyatoa wapi?" Kui akauliza.

Nyakio hakushtuka. Alipangusa mkono kwenye aproni. "Si mumuulize mwenye ufunguo? Huniachia kila jioni. Anajua."

"Najua nini, Mama Maina?" Jepkemboi alisema polepole. "Tuliongea lini?"

"Mathe, usinigeuke mbele ya watu. Uliniachia ama hukuniachia?"

Jepkemboi alimtazama usoni, akitafuta yule aliyemtetea. Hakumwona.

"Nilikuachia," akasema.

Alikuwa na mengine ya kusema, lakini hakuna aliyeyangoja. Kui alikuwa ameshatoa simu, anapigia kampuni, akitaja jina la Jepkemboi herufi kwa herufi. Nyakio aliinamisha mpira kwenye mtungi uliofuata.