Samahani ya Mlango

Neno la kwanza tunalojifunza tukifika kwenye nyumba za watu hapa Dubai ni "sorry madam". Chumvi imezidi, sorry madam. Mtoto kajikwaa kwa mbio zake mwenyewe, sorry madam. Mimi Mishi, mpishi, mtu wa Ukunda, nimewahi kuisema hata kwa mchele uliotoka dukani na mawe yake. Unaisema huku unamenya vitunguu na maisha yanaendelea. Lakini Agneta, tuliyekuwa naye nyumba moja kule Al Warqa, mimi jikoni na yeye kwenye usafi na kufua, hakuwa na samahani ya kugawa. Akikosa alisema nimekosa, mkayamaliza. Asipokosa, ungengoja hadi uchoke.

Mtu wa Vihiga huyo, mrefu, wa maneno machache, na akikutazama unakumbuka kazi uliyoiacha nusu. Alikuja huku akimwacha mwanawe Hesbon kidato cha pili. Sasa Hesbon naye amekuja, kawa askari wa kampuni ya ulinzi, analala Al Quoz kwenye nyumba za wafanyakazi. Tangu ashuke ndegeni hawakuwahi kuonana, simu tu, kwa sababu mapumziko ya mama ni Jumapili na ya mtoto yalikuwa yanahamahama. Wiki ile yakaangukia Jumapili. Walipatana wakutane stesheni ya metro ya Rashidiya. Agneta akalipiga pasi gauni lake la kijani mapema, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba chetu, na kila nikiingia linanipiga usoni.

Ijumaa ile, sare za shule za watoto zikiwa ndani tayari, mashine ya kufulia ikakataa kufunga mlango. Unausukuma, unakaa kidogo, unaachia. Taa nyekundu inawaka na kuzima, maji hayaingii.

Agneta hakupiga kelele. Aliuchomoa waya ukutani, akangoja, akaurudisha. Wapi. Akaufuta ule mpira wa mviringo wa mlangoni, akatoa soksi ya mtoto na sabuni iliyoganda. Wapi. Akakichokonoa kile kitundu inamoingia ndoana ya mlango, kikawa safi kuliko masikio yangu. Wapi tena. Mimi nikaleta leso yangu kuukuu nikaufunga mlango kwa kuizungusha mashine nzima, fundo la nguvu, kama tunavyofunga mizigo kwetu. Mashine haikudanganyika. Agneta akacheka hadi akakaa chini, na ni pale chini alipoona jambo. Akauinua mlango kwa kiganja, kidogo tu, kisha akausukuma. Ukalia ka, ukajifunga.

"Umeshuka," alisema. Kicheko kikamwisha.

Jumamosi madam Aseel alimwita fundi. Fundi akasema yale yale: bawaba zimepinda, mlango umelala, ndoana haifiki kwenye tundu lake. Akazinyoosha kwa muda, akaahidi kuleta mpya, na alipokuwa akifunga mkoba wake akaongeza kwamba mlango haupindi hivyo wenyewe. Kuna mtu amekuwa akiutegemea kwa uzito wake wote.

Fundi akaenda zake na ulimi wake, akatuachia moto. Madam akamgeukia Agneta. Si mwanamke mbaya, nisimsingizie, lakini akishaamua jambo hulikalia. Alisema anajua kufua kunachosha, mtu hushika chochote ainuke, hatamkata mshahara wala hatamfukuza. Anataka neno moja tu, kwa sababu hapendi uongo ndani ya nyumba yake. Agneta akasema si yeye. Madam akasema basi, asiposema ukweli, Jumapili hakuna kutoka.

Nilimfuata chumbani nimewaka. Hesbon mtoto wako, nikamwambia, miaka hujamtia machoni, na kinachokuzuia ni neno ambalo mimi nalisema kabla ya chai. Liseme, ukifika kwenye basi uliteme. Mimi nilitaka kulia, na si mwanangu.

"Nikisema sorry, nimesema ni mimi," akajibu. "Na si mimi, Mishi."

"Sasa ni nani?"

Akausukuma mlango wa chumba ukafungika. Kisha akaniambia ni Mama Kabira.

Mama Kabira ndiye mama yake madam. Mwaka uliotangulia alianguka bafuni, na tangu hapo binti yake akamwekea kila kitu ghorofani: televisheni, sala, chakula, na ile fremu ya chuma ya kutembelea asiyoipenda hata kuiona. Lakini lifti ya nyumba ilikuwapo, na madam akishatoka kwenda kazini bibi yule hushuka. Anakaa chumba cha kufulia kwenye kigoda cha plastiki, anakunja soksi za wajukuu, anamsimulia Agneta habari za zamani, watu walipofua kwa maji ya kisima. Mimi nilijua anashuka. Sikujua anainukaje. Anainuka kwa kuushika mlango wa mashine ulio wazi.

"Na wewe umekaa na hilo?" nikamuuliza.

Akasema akimtaja, bibi atafungiwa juu, na soksi ndizo kazi pekee aliyobaki nayo. Samahani hataisema kwa sababu ni uongo, na siri ya bibi hataisema kwa sababu si yake kuisema. Nikamwambia kwa hiyo Jumapili yako inakwenda hivi hivi. Akasema inakwenda, ndiyo, lakini haiendi na jina lake. Akaniapisha nisifungue mdomo. Nikaapa, na Mungu anajua nilivyoteseka.

Jumapili asubuhi Agneta alivaa lile gauni la kijani. Akavaa na viatu, akaning'iniza mkoba begani, akaenda kusimama chumba cha kufulia kilichopakana na jiko langu. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, ila leo ni siku yake ya mapumziko, na atakayemzuia atamzuia akiwa amevaa hivi. Simu yake iliita, akaitazama, akairudisha mkobani bila kupokea.

Mama Kabira akashuka. Jumapili madam huchelewa kuamka, kwa hiyo ilikuwa kama siku nyingine. Akakaa kwenye kigoda, akavuta kikapu, akaanza soksi. Alimsifia Agneta gauni. Hapo hapo madam akatokea na kikombe cha kahawa mkononi.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Nakunja soksi," bibi akajibu.

Madam akashusha pumzi, akaona aanze na alilojia. Akamwambia Agneta bado kuna nafasi, aseme neno lile aende zake, yalla, mtoto anangoja. Walisema kwa Kiarabu kile cha nyumbani tunachokielewa sote, na bibi mikono yake ikasimama juu ya kikapu.

Agneta hakuinamisha kichwa. "Madam, nikikosa nitaomba msamaha mbele ya watu wote. Hili sikulifanya. Siombi."

Mimi mwiko ulikuwa mkononi na wali unashika chini, sikuutazama. Mama Kabira alimwangalia Agneta, akaliangalia gauni, akauangalia mkoba. Akauweka kando ule mguu wa soksi. Kisha akaunyoosha mkono wake wenye hina, akaufungua mlango wa mashine, akaushika juu, akajiinua. Polepole, mlango ukilia, hadi akasimama wima. Akausukuma. Ukaachia, ukarudi nyuma, wazi.

"Khalas, yaishe," alimwambia binti yake. "Sasa unajua. Nifungie juu kama unataka, lakini huyu mwache akamwone mwanawe."

Madam akakiweka kikombe juu ya mashine. Agneta akainama, akambusu bibi mkono, akapita mbele ya madam bila kukimbia. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni akielekea kituo cha basi, gauni linampiga miguuni.

Alirudi jioni na picha. Hesbon amekuwa mrefu kumpita, amevaa sare ya kazi kwa sababu alitaka mama aione, na wote wawili macho yamevimba. Nilimwonyesha kila mtu picha ile kama vile ni mimi niliyemzaa.

Bibi hakufungiwa juu. Jumatatu tulikuta kiti chumba cha kufulia, cha mbao, kizito, chenye mikono miwili imara ya kushikia, na madam mwenyewe alikuwa anakisogeza pembeni mwa kikapu. Akamwuliza Agneta kama kimekaa mahali pazuri. Mimi nilimfinya ubavuni, nikimwomba kwa macho akipokee, yaishe. Ndivyo watu hawa wanavyoomba radhi, nilijua, na wewe ungejua.

Agneta alikijaribu kiti kwa mikono miwili, akakitikisa, akaridhika.

"Kiti ni kizuri, madam," alisema. "Hicho ni cha mama. Sorry yangu naingoja."